Saizi Zisizolingana na Kompyuta Zilizochoka: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Pesa

Mnunuzi wa Kampala anayefika nyumbani na suruali isiyofunga kiunoni, na mwenzake aliyebeba kompyuta ya mtumba inayojizima kila baada ya dakika chache, wana lalamiko moja: maandishi yaliyobandikwa kwenye kitu hayalingani na kitu chenyewe. Sehemu kubwa ya nguo zinazouzwa Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, pamoja na kompyuta nyingi zinazopangwa katika maduka ya katikati ya mji, zilitengenezwa kwa ajili ya mteja wa nchi nyingine, zikatumika huko, ndipo zikaletwa huku. Nambari iliyo kwenye lebo ilimhusu mteja yule wa kwanza, mwili wake, umeme wake na lugha yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili, unaitafutia chanzo, kisha unataja kipimo cha kuthibitisha chanzo hicho, kwa maana hasara nyingi hutokana na kutibu kabla ya kupima: mtu hununua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa mashine yenye diski mbovu, na mwingine huongeza saizi mbili kwa sketi ambayo kasoro yake iko kwenye nyonga peke yake.

Nambari ni moja, nguo hazilingani

Umenunua magauni mawili yenye nambari 12, moja linakataa kupita kifuani na jingine linapwaya. Jambo la kwanza la kukagua ni nchi ambayo nguo ilikatiwa. Saizi ya 12 ya Uingereza hukaribiana na 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani, 40 ya Ufaransa na 44 ya Italia, na hivyo gauni la Kimarekani lenye nambari 12 ni kubwa kwa hatua mbili kuliko la Kiingereza lenye nambari hiyohiyo. Ndani ya robota moja la mitumba nguo za nchi hizi zote huweza kuchanganyika, na muuzaji huzipanga kwa aina au kwa ubora, si kwa mfumo wa vipimo. Nchi ilikoshonwa nguo haisaidii sana, kwa kuwa fulana iliyoshonwa Bangladesh ilikatwa kwa kufuata jedwali la kampuni iliyoiagiza, na kampuni hiyo yaweza kuwa ya Marekani, ya Ulaya au ya Japani. Inayosaidia ni lebo yenye nambari kadhaa zilizopangwa pamoja, kila moja na herufi za nchi yake, maana hapo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kukufanyia hesabu.

Ikiwa nguo zote mbili ni za nchi moja na bado hazilingani, chanzo ni kwamba hakuna anayelazimishwa kufuata kipimo kimoja. Kati ya mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iligharimia upimaji wa wanawake karibu 15,000 ili kuweka msingi wa jedwali la saizi. Matokeo yaliyotumika yalikuwa ya wanawake weupe peke yao, na kiwango rasmi kilichojengwa juu yake kilitolewa mwaka 1958. Katika kiwango hicho saizi ya 8 ilikuwa ya kiuno cha inchi 23.5. Kampuni hazikulazimika kukifuata, kikaondolewa mwaka 1983, na tangu hapo kila moja imeweka nambari inayompendeza mteja wake, ambaye hufurahi kuambiwa kwamba bado anavaa 8 hata kama kiuno chake kimefika inchi 29. Ndiyo maana gauni la zamani linalochomoza katika rundo hubana kuliko jipya lenye nambari ileile. Katika upimaji ule hakupimwa mwanamke wa Gulu wala wa Mbarara, na sioni sababu ya mtu kujilaumu kwa kutoingia katika jedwali ambalo halikumfikiria.

Wanaume hudhani wamesalimika kwa kuwa suruali zao huandikwa inchi, lakini suruali iliyoandikwa 34 ikipimwa kwa futi ya fundi mara nyingi hutoa inchi 35 au 36. Lebo iliyo na adabu zaidi katika jambo hili ni ya nguo zilizokatwa kwa ajili ya soko la China lenyewe. Ukiona 170/88A kwenye shati, maana yake ni kwamba limekusudiwa mtu mwenye urefu wa sentimita 170 na kifua cha sentimita 88, na herufi A huonyesha umbo la wastani; Y ni ya mwenye kiuno chembamba kuliko kifua chake, B na C ni za walionenepa tumboni. Kwenye suruali nambari ya pili huwa ni ya kiuno. Nguo za Korea nazo hutaja kifua kwa sentimita, ndiyo sababu utakutana na 95 au 100 ambazo hazifanani na chochote unachokijua. Mtu anayejua vipimo vyake kwa sentimita hununua nguo hizi bila wasiwasi, ilhali anayefuata herufi XL atashangaa, kwa kuwa XL ya kule huweza kumbana mtu aliyezoea L ya Marekani.

Mara chache sana utakuta fulana mbili za rundo moja, kampuni moja na lebo moja, zikipishana kwa sentimita mbili. Viwanda hukata tabaka nyingi za kitambaa kwa wakati mmoja, na kisu kikiinama kidogo vipande vya juu hutofautiana na vya chini. Hapo hakuna cha kuchunguza. Jaribu zote mbili, uchukue inayokukaa.

Nyonga zinatosha, kiuno kinaachia nyuma

Dalili hii hulalamikiwa sana na wanawake, na kwa maoni yangu ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Suruali au sketi inapita vizuri kwenye nyonga, lakini ukikaa, kiuno kinafunguka nyuma kiasi cha kuingiza ngumi. Mnunuzi huteremka saizi moja ili kiuno kikae, mapaja yakakataa. Akapanda saizi moja ili mapaja yakubali, kiuno kikaachia zaidi. Anazunguka hivyo hadi anaamua kufunga mkanda na kuvumilia makunyanzi.

Chanzo ni kwamba majedwali mengi ya Ulaya na Marekani hudhani nyonga humzidi mtu kiuno kwa sentimita 25 hivi. Jipime mwenyewe: kiuno mahali palipo pembamba zaidi, nyonga mahali palipojaa zaidi, kwa kawaida sentimita 20 chini ya kiuno, futi ikiwa sambamba na sakafu na bila kukazwa. Ukitoa kimoja kutoka kingine ukapata 33 au 36, hakuna saizi itakayokaa pande zote mbili, na kubadilisha duka hakutasaidia. Nunua kwa kufuata nyonga, kisha mpelekee fundi apunguze kiuno.

Namna ya kupunguza ina umuhimu wake. Kasoro ikiwa ndogo, sentimita tatu au nne, fundi hufumua mshono wa katikati nyuma, akaingiza kitambaa ndani na kurudisha pindo la kiuno. Ikizidi hapo, mshono wa katikati peke yake huvuta mifuko ya nyuma ikakaribiana hadi karibu kugusana, na suruali huonekana imeharibika hata kama kiuno kimekaa. Mwambie fundi agawe upungufu huo katika sehemu mbili, kila moja juu ya mfuko wake. Mafundi wa vibarazani hufahamu kazi hii vizuri wakielezwa mapema. Wasipoelezwa hufuata njia ya haraka, na huwezi kuwalaumu.

Kuongeza nguo ni jambo tofauti na kupunguza. Geuza nguo ndani nje kabla ya kulipa, utazame kitambaa kilichoachwa kando ya mshono. Suti za zamani, hasa nyuma ya suruali, huachiwa kitambaa cha kutosha, lakini nguo nyingi za kisasa zina sentimita moja tu, na hapo hata fundi hodari hana cha kufungua. Angalia pia iwapo kitambaa kimepauka: mshono ukifunguliwa, mstari wa rangi ya awali utabaki ukionekana.

Kule Owino, ambako kibanda hakina mahali pa kujaribia, muuzaji hufunga kifungo cha suruali ya jinzi, akalikunja pindo la kiuno na kulizungusha shingoni mwa mteja, na ncha zikikutana kisogoni hutamka kwa uhakika, "Ssebo (bwana), hii ni yako." Kipimo hiki kinategemea mazoea kwamba mzunguko wa shingo ni karibu nusu ya kiuno. Kwa kijana mwembamba hutoa jibu la kuridhisha, kwa mwenye kitambi hudanganya, na kwa mwanamke hakisemi lolote kuhusu nyonga. Uzi wenye mafundo mawili, moja la kiuno na jingine la nyonga, hukaa mfukoni na hauhitaji ubishi. Ukitaka uhakika wa shati au gauni, lilaze juu ya meza, upime kutoka kwapa hadi kwapa, uzidishe kwa mbili. Kitambaa kisichovutika kinapaswa kuzidi kifua chako kwa sentimita tano hadi kumi. Kilichofumwa kama cha fulana chaweza kulingana na mwili na bado kikakaa vizuri.

Ilikutosha ukijaribu, sasa inabana au inapwaya

Nguo mpya ya pamba husinyaa inapofuliwa mara ya kwanza, na kusinyaa kwa asilimia tano si jambo la ajabu: kwa suruali yenye urefu wa sentimita 100 hizo ni sentimita tano, yaani suruali inakwea juu ya kifundo cha mguu. Ndiyo maana kukata pindo la suruali mpya kabla ya kuifua ni kosa. Nguo za mtumba zimekwisha kupita hatua hiyo, na kwa upande huu zina faida ambayo watu hawaitaji mara nyingi. Nguo inayopwaya baada ya muda kwa kawaida imechoka nyuzi za kuvutika zilizochanganywa na pamba, na maadui wa nyuzi hizo ni pasi ya moto sana na dawa ya kung'arisha yenye klorini. Zikishakatika hazirudi.

Viatu vina ugomvi wao. Hatua moja ya saizi za Uingereza ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5, na hatua moja ya saizi za Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7, kwa hiyo nambari za mifumo hii miwili haziwezi kukutana sawasawa hata kama muuzaji ni mwaminifu. Simama juu ya karatasi jioni, miguu ikiwa imetanuka, chora, upime urefu kwa milimita, uende sokoni na nambari hiyo.

Kabla ya kuigusa kompyuta

Kompyuta ikiwa bado inawaka, hata kwa taabu, nakili mafaili yako kwanza kwenye diski nyingine. Vipimo vinavyofuata havina madhara kwa kawaida, lakini kompyuta iliyochoka huweza kukata tamaa wakati wowote, na fundi anayeambiwa "tengeneza tu" huenda akaanza kwa kufuta kila kitu.

Haiwaki kabisa

Anza na soketi yenyewe, swichi yake na fyuzi iliyo ndani ya plagi ya miguu mitatu, kwa kuwa fyuzi hugharimu pesa kidogo kuliko chochote kingine katika orodha hii. Kwa kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani, tazama nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia: pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Umeme wa Uganda ni volti 240. Swichi ikiwa upande wa 115 na plagi ikachomekwa, utasikia mlio mkali, kisha harufu ya kuungua. Habari njema ni kwamba mara nyingi kinachokufa ni pawa saplai peke yake, na ikibadilishwa mashine inarudi; kwa hiyo usikubali kuambiwa papo hapo kwamba madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua, mpaka pawa saplai nyingine nzima imejaribiwa. Chaja za kompyuta za mpakato hazina hatari hii, kwani karibu zote zimeandikwa 100–240V.

Kompyuta ya mpakato isiyoitikia, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, ushikilie kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha rudisha chaja peke yake na ujaribu. Hatua hii humaliza umeme uliobaki ndani ya saketi, nayo hufufua mashine nyingi kuliko inavyotarajiwa. Betri ikiwa imevimba hadi kuinua kibodi au kipanya cha kugusa, acha kuichaji siku hiyohiyo na usiitoboe. Betri za lithiamu zilizovimba huweza kushika moto.

Feni inazunguka, skrini ni nyeusi

Kama mashine ilikuwa inafanya kazi, ikasafirishwa kwa bodaboda juu ya barabara ya maramu, na sasa haionyeshi kitu, mshukiwa wa kwanza ni RAM iliyolegea. Chomoa umeme, fungua, toa kipande cha RAM, usugue meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, ukirudishe hadi vishikizo vifunge vyenyewe. Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja, kila kimoja katika kila nafasi, maana huenda kibovu ni nafasi na si RAM. Milio inayosikika wakati wa kuwasha ni ujumbe, lakini kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Hesabu milio na mapumziko, kisha utafute maana kwa jina la modeli yako. Kwenye mashine za miaka ya mwanzo ya 2000 kagua pia kapasita, vile vimtungi vidogo vilivyosimama juu ya madabodi: vilivyovimba kichwani au kuvuja uchafu wa kahawia ni ugonjwa uliojulikana sana wa kizazi kile, na fundi wa kulehemu anaweza kuvibadilisha.

Skrini ya kompyuta ya mpakato inayokuja na kupotea unapoinua au kushusha kifuniko haina kasoro ya RAM. Ni waya unaopita kwenye bawaba umechakaa.

Saa inarudi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka

Hii ni dalili inayowachanganya watu wengi, kwa sababu tatizo linaonekana kuwa la intaneti. Kila umeme ukikatika, au yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, kompyuta ikiwashwa tena inaonyesha mwaka uliopita zamani, inadai ubonyeze F1, na kivinjari kinakuonya kwamba tovuti ya benki au ya barua pepe si salama. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba ni mwaka 2011 huviona kuwa havijaanza kutumika. Chanzo ni betri ndogo ya duara aina ya CR2032, ya volti 3, iliyo kwenye madabodi, ambayo huuzwa hata na mafundi wa saa. Kabla ya kuitoa, ingia kwenye mipangilio ya kuwashia na upige picha kila ukurasa kwa simu, hasa ule unaoeleza namna diski inavyosomwa, kwa kuwa mipangilio ikirudi ya kiwandani Windows huweza kukataa kuanza na ukadhani umeiharibu.

Inajizima yenyewe

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa nje, na ni lazima vitenganishwe. Kompyuta ikizimika baada ya muda fulani wa kazi nzito, kasha likiwa la moto na feni ikivuma, chanzo ni joto. Vumbi jekundu la maramu hujikusanya kati ya feni na mapezi ya kipozeo hadi hewa isipite. Fungua, ishike feni kwa kidole isizunguke, pulizia vumbi nje kwa blowa. Kama mashine ina miaka mingi, krimu ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, chipu kuu ya kompyuta, imekauka na inahitaji kupakwa upya. Kuiweka kompyuta ya mpakato juu ya godoro huziba matundu ya chini, na hakuna krimu itakayosaidia hapo.

Ikizimika ghafla bila kuwa ya moto, wakati ambapo taa nazo zimefifia au jirani anayechomelea mageti ameanza kazi, chanzo ni umeme kushuka. Kompyuta ya mpakato yenye betri nzima haitaona tofauti. Ya mezani inahitaji UPS, kifaa cha akiba ya umeme, yenye kurekebisha volti, na kuinunua kabla ya diski kuharibika ni nafuu kuliko baadaye.

Inawaka, lakini ni ya polepole kupita kiasi

Mashine ya polepole ndiyo inayokula pesa za bure, kwa kuwa kila mtu ana dawa yake na hakuna aliyepima. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usubiri dakika chache bila kufungua chochote, kisha usome asilimia za prosesa, kumbukumbu na diski. Diski ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 huku hufanyi kitu, kuongeza RAM hakutakusaidia. Kumbukumbu ikiwa juu ya asilimia 90 ukifungua kivinjari tu, hapo RAM ndiyo tiba, na mashine yenye GB 4 itapumua ikipewa 8. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa, panga orodha kwa kubofya safu yake utazame programu gani inaila. Mara nyingine ni programu ya kinga dhidi ya virusi inayokagua, mara nyingine ni kirusi chenyewe.

Diski ya kizamani inayozunguka ndiyo hukutwa na hatia mara nyingi. Ukisikia mlio wa tik-tik unaorudiarudia, nakili mafaili unayoweza, kisha zima mashine, usiendeshe programu ya kuirekebisha, kwa kuwa programu hiyo huisomesha diski nzima na yaweza kuimalizia. Ikiwa haitoi mlio, isome kwa programu ya CrystalDiskInfo, itakayokuambia hali yake na saa ilizofanya kazi. Kubadilisha diski hiyo kwa SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ya GB 240 hubadilisha kompyuta ya mwaka 2012 kuliko kitu kingine chochote, nami ningeifanya kabla ya kufikiria mashine nyingine. Hata hivyo pima unachouziwa: flashi na diski zenye uwezo wa uongo zipo sokoni, zikionyesha TB 2 kwenye lebo na kwenye skrini, ilhali nafasi halisi ni ndogo mno na mafaili ya baadaye hupotea. Programu ndogo ya H2testw huijaza diski na kuisoma tena, ikatoa jibu lisilo na ubishi.

Kuna chanzo kimoja ambacho hata mafundi husahau. Kompyuta za Dell huwasiliana na chaja yake, na zikishindwa kuitambua, iwe ni chaja ya bandia au sindano ya katikati imevunjika, huacha kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi. Azima chaja halisi ya mtu kwa nusu saa kabla ya kufungua kasha.

Betri inaitwa mpya, haidumu

Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ukurasa utakaotengenezwa. Humo kuna uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo wake wa sasa inapojaa. Kama wa kwanza ni 48,000 na wa pili ni 15,000, muuzaji aliyekuapia kwamba ni mpya hana la kujibu. Omba ripoti hii dukani kabla ya kulipa. Inachukua dakika moja.

Herufi zinazotoka si ulizobonyeza

Ukibonyeza Y ikatoka Z, kibodi haijaharibika: kibodi za Ujerumani zimebadilishana herufi hizo, na za Ufaransa zimeweka A mahali pa Q. Ukitafuta @ ukapata alama ya kunukuu, mashine ina kibodi ya Uingereza na mpangilio wa Marekani, au kinyume chake. Tiba iko kwenye mipangilio ya lugha, si kwa fundi. Nambari zikitokea katikati ya maneno kwenye kompyuta ndogo ya mpakato, zima Num Lock.

Mashine ni nzima, programu zinakataa

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 2020, na Chrome toleo la 109 la mwaka 2023 ndilo la mwisho kukubali mfumo huo, kwa hiyo kutofunguka kwa baadhi ya tovuti kwenye mashine hizo hakutokani na uchakavu wa vifaa. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha nane au cha baadaye. Anayenunua kompyuta ya mtumba leo na auliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Aliyekwisha kununua ya kizazi cha tatu anaweza kuweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, bila malipo, akaendelea kuandika barua, kufanya hesabu na kutumia intaneti. Kinachomzuia kwa kawaida ni programu moja ya kazini isiyo na toleo la Linux, na ni vyema kuihakikisha mapema.

Imekufa, lakini mafaili yamo ndani

Madabodi ikiwa imekufa kweli, gharama ya kuibadilisha kwa mashine ya zamani hukaribia bei ya mashine nyingine, na kuendelea ni ukaidi. Diski hata hivyo mara nyingi ni nzima. Ifungue, uiweke katika kasha la USB, uichomeke kwenye kompyuta nyingine, na mafaili yataonekana kama ya flashi, isipokuwa kama ilifungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayoficha yaliyomo kwenye diski, ambapo utahitaji ufunguo, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kwenye kompyuta nyembamba ambazo hifadhi yake imelehemewa moja kwa moja juu ya madabodi, njia hii haipo. Ukiliuza ganda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, liuze bila diski.